Dadangu ana Hashimoto, sasa wamempata na kansa ya thairoidi pia. Naombeni ushauri

NyarKisumu_K: Habari zenu wadau. Dadangu mdogo ana Hashimoto, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia tezi ya thairoidi shingoni, miaka anameza livothairoksini, dawa ya homoni ya thairoidi, na alikuwa sawa tu, sasa juzi ultrasaundi ikaonyesha kauvimbe kwa tezi, wakamdunga sindano kutoa sampuli, majibu ni kansa ya papilari. Daktari anataka kutoa tezi yote. Mama analia tu anauliza mbona dawa alikuwa anameza, shangazi naye anasema twende kwa mtu wa mitishamba kwanza. Na kuna vitezi vya limfu vya shingo vimevimba, hivyo ndivyo vinaninyima usingizi, inamaanisha imesambaa?

MamaBrian_Nax: Pole sana dada. Mimi niko na hizo zote mbili, nilishapasuliwa. Mwambie mama dawa haijashindwa, hiyo inajazia homoni yenye tezi haitoi, haizuii kansa. Papilari ndiyo ya kawaida zaidi kwa kansa za thairoidi, huenda polepole na wengi wanapona. Shangazi mkatalieni kwa heshima lakini mkatalieni. Vitezi navyo, hata Hashimoto peke yake huvivimbisha, ila msikisie, viangaliwe vizuri kabla ya opresheni juu hiyo ndiyo itaamua daktari atakata hadi wapi.

Nesi_wa_Lakeside: Nafanya wodi ya upasuaji. Akitoka theta akihisi ganzi midomoni ama vidole vinachomachoma aseme hapo hapo hata kama ni saa nane usiku, hiyo huwa ni kalsiamu imeshuka. Na hii wengi wa Hashimoto hawaambiwi: baadaye atakuwa anapimwa thairoglobulini, protini inayotengenezwa na seli za thairoidi, kuangalia kama kansa imerudi, lakini antibodi zake za kushambulia hiyo thairoglobulini, yaani protini za kinga ya mwili, zinaweza kufanya hicho kipimo kisome chini mkafurahi bure. Kila mara apimwe antibodi hizo pamoja nayo, maabara ileile ikiwezekana, na karatasi zote mziweke. Antibodi zikianza kupanda mrudi kwa daktari mapema.

NyarKisumu_K: Asante sana nesi, hiyo ya antibodi hakuna mtu alitugusia. Na chai? Yeye humeza kidonge na chai ya maziwa.

MamaBrian_Nax: Apana, maji peke yake, chai ingoje nusu saa hadi saa nzima. Akipewa vidonge vya kalsiamu, aachanishe na hiyo dawa masaa manne.

NyarKisumu_K: Sawa. Tunarudi kliniki Jumatatu, maswali nimeyaandika yote. Mama Brian, unaweza kuongea na mama kidogo?

MamaBrian_Nax: Nitumie namba inbox, nitampigia leo jioni aniulize mwenyewe.