Mikono inatetemeka, picha ya kichwa wanasema safi. Naombeni ushauri

MamaKulwa
Habari za jioni ndugu zangu. Nina miaka 34, nipo Geita. Tangu mwezi wa nane mwaka jana mikono inatetemeka. Ilianza vidole vya mkono wa kulia, sasa ni yote miwili, na nikichoka hata midomo. Usiku miguu inakufa ganzi, usingizi hakuna. Mdomoni kuna ladha ya chuma, kama nimenyonya sarafu. Juzi nimesimama mbele ya mama muuza dagaa ninayemfahamu miaka sita, jina lake limegoma kuja.

Kinachoniumiza zaidi ni hasira. Mimi nilikuwa mpole. Sasa mtoto akiangusha kijiko nampigia kelele, halafu naenda kulia chooni.

Nimepima sukari, malaria, VVU, tezi la shingo, vyote vizuri. Picha ya kichwa (CT) nimepiga kwa mkopo wa kikoba, wamesema safi. Daktari wa kwanza kasema mawazo, wa pili kanipa vidonge vya usingizi. Upande wa mume wanasema nimetupiwa kitu. Huu ni ugonjwa gani?

KigomaMwishoWaReli
Pole sana dada. Mama yangu alianza hivyo hivyo. Mkono ulikuwa unatetemeka akiwa ameuweka tu mapajani, akishika kikombe unatulia. Tulizunguka miaka miwili mpaka daktari wa mishipa ya fahamu Dar akatuambia ni Parkinson. Alikuwa anasuka ukili vizuri kuliko wote mtaani. Siku aliyoliweka chini lile kanda akasema "basi", sitaisahau. Wako unatetemeka umetulia au ukishika kitu?

MamaKulwa
Nikishika kitu ndio balaa. Kikombe cha chai nashika kwa mikono miwili.

Mtumishi_Elia
Funga siku tatu dada, samehe wote waliokukosea. Magonjwa mengine mlango wake ni kinyongo.

DogoWaBuseresere
Shemeji sema ukweli, konyagi umeacha lini?

NesiWaZamu
Acheni utani, mtu anaumwa. Dada, unafanya kazi gani?

MamaKulwa
Biashara ndogo ndogo tu.

NesiWaZamu
Biashara gani? Nakuuliza kwa sababu upo Geita na umetaja ladha ya chuma. Fizi zinatoka damu?

MamaKulwa
Zinatoka.

Sikutaka kuandika hili maana watu wataanza mambo ya sheria. Mume wangu ana mwalo, sehemu ya kuoshea dhahabu. Wachimbaji wakishaosha, ile dhahabu iliyoshikana na zebaki inaletwa nyumbani, mimi ndiye nachoma kabla haijaenda soko la madini. Nachomea chumba cha nyuma kwenye jiko la mkaa. Dirisha nafunga, majirani wakijua siku ya kuchoma tutaibiwa. Huu mwaka wa tatu.

Lakini jamani si hiyo. Mume wangu anakamua zebaki kwa mikono mitupu tangu kijana na ni mzima. Mimi nakunywa maziwa kila nikimaliza. Na nimeshalipa nusu, laki tatu, kwa mtaalamu mmoja Shinyanga. Alhamisi naenda. Nilichotaka ni kujua kama kuna mtu kapona.

NesiWaZamu
Mume wako anaishika, wewe unaivuta. Zebaki ngozini hupita kidogo. Mvuke wake ukiingia mapafuni, karibu sehemu 80 kati ya 100 hubaki mwilini, na nyingine hufika kwenye ubongo. Hauna harufu, hauna rangi. Maziwa yanaenda tumboni, hayafuati kitu kilichoko kwenye mapafu. Na CT haiwezi kuonyesha sumu hii, kipimo chake ni mkojo. Sisemi ndiyo yenyewe, nasema hakuna daktari aliyeipima kwa sababu hukumwambia.

Mzalendo_Halisi
Chai hii. Mtu anashika kikombe kwa mikono miwili lakini kaandika aya zote hizo bila herufi moja kukosewa? Amesoma dalili mahali akaja kutujaribu.

DogoWaBuseresere
Hapo na mimi nimeshtuka.

KigomaMwishoWaReli
Hata kama ni chai, mwingine mwenye shida hiyo atasoma.

MamaKulwa
Anayeandika ni mdogo wangu wa kidato cha tatu, mimi namtamkia. Ungependa kuona mwandiko wangu? Nina daftari la gramu. Mwaka jana mwezi wa sita nne yangu ni nne na saba ni saba. Sasa hivi kurasa nzima mistari inapanda na kushuka kama mtu aliyeandikia kwenye daladala. Wiki iliyopita mume wangu alisoma saba pale nilipoandika nne, tukamlipa mchimbaji gramu tatu za bure. Hakunipiga wala kunigombeza. Alikaa kimya, na kimya kile ndicho kilichonileta hapa.

MzeeWaMarudio
Mwacheni huyo mama. Nilikuwepo machimbo ya Rwamagasa, huku huku Geita, wataalamu walipokuja 2003, wakatupima mkojo, damu na nywele. Walitupa penseli tuandike, tukatembea kwenye mstari. Mimi na wenzangu wa makarasha, mashine za kusaga mawe, tulikuwa na nafuu, wachomaji ndio walioonekana kuumia zaidi. Rafiki yangu mmoja alikuwa mchomaji, mtu wa vichekesho, akawa anajificha wageni wakija. Tukasema ana maringo.

MamaKulwa
Baba, hilo la kujificha umenigusa. Lakini nimeahidi kuchoma mpaka mwisho wa mwezi, ada ya watoto inatoka hapo. Nikifungua dirisha si inatosha?

NesiWaZamu
Haitoshi. Chumba chenyewe kimeshanywa, zebaki iliyoingia kwenye nyufa za sakafu inatoa mvuke hata siku ambayo hujachoma. Usifagie, ufagio unaitawanya. Mume anunue retoti, kile chombo cha chuma chenye bomba, achomee nje mbali na nyumba, na wewe usiwepo. Alhamisi panda gari la Mwanza badala ya Shinyanga. Nenda hospitali ya Bugando, sentensi ya kwanza umwambie daktari "nachoma zebaki ndani". Aandike kipimo cha mkojo, Mkemia Mkuu ana ofisi ya kanda hapo hapo Mwanza. Dawa za kuitoa zipo, ila daktari ndiye anaamua baada ya majibu. Ukiacha kuivuta, mwili wenyewe hupunguza karibu nusu kwa miezi miwili hivi.

Mzalendo_Halisi
Dada, kama ni kweli nisamehe.

MamaKulwa
Nimekusamehe. Laki tatu nimepiga simu, amekataa kurudisha. Alhamisi nakwenda Mwanza.

Nesi, kuna kitu sijasema. Nina mapacha wa miaka minne. Kulwa yuko kwa bibi yake Sengerema tangu Januari, yeye hana tatizo. Doto nalala naye mimi, kwenye chumba hicho hicho. Asubuhi hii nimempa uji, kikombe kikawa kinagonga meno yake. Na yeye nimbebe?

NesiWaZamu
Mbebe. Na leo usiku msilale humo.