Siagi ya karanga kwa mtaji wa mfukoni: supamaketi, mali kauli au oda za WhatsApp?

KarangaMoro: Wadau, habari za leo. Nasaga siagi ya karanga nyumbani, Morogoro. Mtaji ni akiba yangu, laki nane, mkopo sitaki. Chupa ya gramu 400 inanigharimu 4,500 pamoja na lebo na umeme. Supamaketi moja inataka chupa 100 kwa 6,500, malipo siku 60. Maduka ya mtaani wanachukua kwa 6,000, mali kauli, yaani wanalipa wakishauza. WhatsApp nauza 8,000, ila oda hazizidi kumi kwa wiki. Nishike lipi?

Jua_Kali: Supamaketi, mkuu. Ukionekana rafuni, wateja wanakuamini.

PilipiliMbuzi: @Jua_Kali umeshawahi kupeleka mzigo huko? Mimi nilipeleka pilipili. Siku 60 zikawa 90, kisha wakanirudishia chupa zilizokaribia kuisha muda na kukata kwenye malipo. Nililipwa nikiwa sina hata hela ya nyanya.

MwenyeDuka: Niseme ukweli wa upande wetu. Mali kauli tunamlipa anayepita. Asipopita Jumamosi, atakuta hela yake imeshageuka sukari. Shika maduka matano unayoyafikia kwa miguu, chupa sita kila moja. Duka lisilouza, hamisha mzigo bila kununiana. Na uandike kwenye lebo "koroga kwanza", maana mafuta yakielea juu mteja anadhani imeharibika.

Hesabu_Kwanza: Hapo kwa MwenyeDuka ndipo penye jibu. Chupa 100 za supamaketi ni 450,000 yako iliyolala miezi miwili ili ikuletee 200,000. Chupa 30 za madukani zinakula 135,000 tu. Zikiisha kila wiki, wiki nane ni faida ya 360,000. Hata zikiuzwa nusu, bado hujapitwa mbali, na hela iko mkononi.

Jua_Kali: Sawa, ila nauli na muda wa kuzunguka hujahesabu.

Hesabu_Kwanza: Kasema kwa miguu 😂

BintiSingida: Mnabishana bei, karanga hamjaziuliza. Chambua moja moja: zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, tupa. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiishi yote kwa kukaanga. Halafu pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze njia ya nembo ya TBS, Shirika la Viwango. Tangu 2019 usimamizi wa chakula uko TBS, kwa hiyo kishoka akikudai hela ya "kibali cha TFDA", ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, mkimbie.

KarangaMoro: Asanteni sana. Supamaketi nawaambia wasubiri. Naanza na maduka matano, WhatsApp inabaki kwa wale kumi wangu, maana hao wanalipa kabla sijasaga. Mama mmoja wa duka ameniuliza kama nina chupa ndogo ya 3,000. Nani anajua pa kupata chupa za gramu 150 kwa jumla, zenye mfuniko usiovuja?

MwenyeDuka: Huyo mama msikilize. Kwangu pia ndogo ndizo zinazotoka.