Mjadala: Jaji Thurgood Marshall alipaswa kung'atuka mapema?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipofariki Septemba 2020 akiwa bado kazini, kiti chake katika Mahakama ya Juu ya Marekani kilipata mrithi, Amy Coney Barrett, aliyeteuliwa na Trump wa mrengo wa pili, kabla hata ya arobaini ya marehemu. Lawama zikamwangukia yeye: si angestaafu wakati wa Obama? Mimi nikajisemea, mbona haya yalishatokea palepale kwa mzee mwingine, na hasara yake inalipwa hadi leo.

Mzee huyo ni Thurgood Marshall. Mzaliwa wa Baltimore, 1908. Chuo Kikuu cha Maryland kilikuwa hakipokei Weusi kwenye sheria, akasomea Howard, akamaliza 1933 akiwa wa kwanza darasani. Miaka miwili baadaye, yeye na mwalimu wake Charles Hamilton Houston wakakishtaki chuo kilekile cha Maryland kwa niaba ya kijana mwingine Mweusi, na wakashinda. Akiwa wakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alipeleka kesi 32 Mahakama ya Juu, akashinda 29. Ile ya Brown, 1954, ndiyo iliyovunja uhalali wa kuwatenga watoto shuleni kwa rangi. Mwaka 1967 Rais Johnson akamteua jaji wa Mahakama ya Juu, Seneti ikampitisha kwa kura 69 dhidi ya 11. Tangu mahakama hiyo ianzishwe 1789 hapakuwa na Mweusi aliyekalia kiti kile.

Sasa njooni kwenye hoja. Carter alikuwa Ikulu 1977 hadi 1981, na Seneti ilikuwa mikononi mwa chama chake. Marshall alishapita miaka 70, na 1976 alikuwa amepata mshtuko wa moyo. Watu wa Carter wakampenyezea ujumbe: mzee, pumzika, tumweke mwingine wa mrengo wako. Akakataa katakata. Carter akamaliza muhula bila kuteua jaji hata mmoja wa Mahakama ya Juu. Akaja Reagan miaka minane, akaja Bush mkubwa, wote wa chama pinzani. Juni 1991 mwili ukamshinda mzee, akatangaza kustaafu akikaribia miaka 83. Bush akamteua Clarence Thomas, Mweusi pia lakini mhafidhina, mwenye miaka 43, akapita kwa 52 dhidi ya 48.

Mwaka 1944 Marshall alishinda kesi ya Texas iliyofuta kura za mchujo za Wazungu peke yao. Mwaka 2013, katika kesi ya Shelby County, majaji watano dhidi ya wanne waliung'oa mhimili wa sheria ya 1965 iliyolinda kura za Weusi, hasa majimbo ya Kusini. Thomas alikuwa mmoja wa wale watano, akikalia kiti cha Marshall. Mimi nasema mzee alikosea. Kiti hakikuwa chake, kilikuwa cha wale waliomfikisha pale.

Wakili Mchovu

Mleta mada naomba kutofautiana nawe, tena sana. Jaji wa shirikisho kule hana tarehe ya kustaafu, na si kwa bahati mbaya. Ni ili asitazame kalenda ya uchaguzi anapoandika hukumu. Ukimwambia ondoka leo kwa sababu rais wa leo ni wetu, umeshamgeuza kada wa chama. Kesho mwenye kesi atamwamini vipi?

Halafu unazungumza kana kwamba baada ya 1981 alikuwa anasinzia. Mwaka 1985 aliandika hukumu ya Ake: mshtakiwa maskini ambaye akili yake ndiyo inayobishaniwa, serikali imtafutie daktari wa akili. Mwaka 1986 akaandika ya Ford: ni marufuku kumuua mfungwa aliyerukwa na akili. Mwaka 1987 nchi nzima inasherehekea miaka 200 ya katiba, yeye akasimama Hawaii akasema waziwazi kwamba waasisi waliandika kitu chenye kasoro tangu mwanzo, maana kiliuacha utumwa uendelee. Nani mwingine pale mahakamani angelisema hilo?

Mleta mada

Mkuu, Ake ilipita kwa wanane dhidi ya mmoja. Hata asingekuwepo ingepita. Ford nakupa, hiyo ilikuwa ya kubanana.

Lakini tusome alichoandika siku ileile aliyotangaza kustaafu, 27 Juni 1991. Kesi ya Payne, kutoka Tennessee. Wenzake walikuwa wanatupa hukumu mbili za mahakama hiyohiyo, moja ya 1987 na nyingine ya 1989, yaani wino haujakauka. Marshall akapinga kwa ukali: sheria haijabadilika, ukweli wa mambo haujabadilika, kilichobadilika ni watu walioketi. Kwamba sasa pale inayotamba ni nguvu, si hoja.

Sasa Wakili, kama mzee mwenyewe anakiri kwamba haki za watu zinategemea nani kaketi, alikuwa na sababu gani ya kuliacha swali la nani ataketi baada yake liamuliwe na shinikizo lake la damu?

Kibao cha Mbuzi

Hapo umemkaba.

Wakili Mchovu

Hajanikaba. Marshall alikuwa analalamikia ugonjwa, wewe unataka na yeye augue ili tulingane.

Mama Wawili

Nawasoma tu nyie wanaume mnavyogawana viti vya watu.

Mbona hakuna anayemtaja William Brennan? Alikuwa rafiki wa Marshall, mrengo mmoja, wote wawili walipinga hukumu ya kifo kila ilipofika mbele yao. Brennan alimzidi Marshall miaka miwili. Naye hakuondoka wakati wa Carter, akakaa hadi 1990, akampa Bush nafasi vilevile. Bush akamteua David Souter. Basi Souter akageuka! Badala ya kwenda walikotaka waliomweka, akawa anapiga kura na upande wa kina Brennan, na akasubiri hadi 2009 akastaafu Obama akiwa madarakani.

Watu wawili walifanya jambo lilelile. Mmoja karata ya turufu ilimwangukia, mwingine hapana. Huyu wa pili ndiye mnayemfungulia mjadala. Kama kosa ni kosa, lihesabiwe kabla matokeo hayajajulikana.

Na jambo jingine dogo linaniudhi. Mweusi wa kwanza amengojewa karibu miaka 180 aingie. Kumi tu zimepita, watu wanamtolea macho saa.

Mjukuu wa Skwota

Mimi wa Nakuru, na huyu mzee nina hesabu yangu naye. Mapema 1960 Tom Mboya alimwita awe mshauri wa wajumbe Waafrika kwenye mkutano wa Lancaster House, London, Kenya ikitafutiwa katiba. Akaandika rasimu ya haki za raia. Ndani yake aliweka ulinzi wa mali: hakuna kuchukuliwa chako bila fidia. Kwa Mweusi wa Mississippi hilo ni ngao. Kwa babu yangu, aliyekuwa skwota kwenye shamba la Mzungu, ilikuwa hesabu nyingine kabisa, kwa sababu ardhi ilishachukuliwa. Uhuru ukaja, wazee wetu wakakopa pesa kuinunua ardhi ya babu zao.

Kwa hiyo mimi simsomi kama malaika. Ila kwenye hili la kustaafu niko na Wakili. Mtu aliyevuka bahari kuwaambia Waafrika walio wengi kwamba Mhindi na hata mlowezi nao wana haki, alikuwa anaamini kweli kwamba sheria haina timu. Mnamtaka 1980 aanze kuhesabu viti?

Mleta mada

Ndugu yangu wa Nakuru, rasimu yake haikupita kama alivyoiandika, ile ya uhuru ilitoka zaidi mikononi mwa Wizara ya Makoloni. Ya ardhi usimbebeshe yote. Ila pointi yako nimeipata.

Kibao cha Mbuzi

Nyerere aliondoka 1985 kwa hiari na neno kung'atuka likazoeleka kila mahali. Kenya jaji akifika 70 basi, hata kama bado anakimbia asubuhi. Wamarekani wangeweka umri tu, ugomvi huu wote usingekuwepo.

Halafu mleta mada, hujatuambia Carter angemweka nani. Angemweka Mzungu je?

Mleta mada

Carter aliteua majaji Weusi wa shirikisho kuliko marais wote waliomtangulia ukiwajumlisha. Alikuwepo Leon Higginbotham, aliyempandisha mwenyewe mahakama ya rufani 1977, mwanahistoria wa sheria za utumwa, miaka hamsini na kitu tu. Ndiye baadaye aliyemwandikia Clarence Thomas barua ya wazi kumkumbusha ni akina nani waliomfungulia mlango.

Wakili Mchovu

Higginbotham alifariki Desemba 1998. Endelea.

Mleta mada

Na Desemba 1998 rais alikuwa Clinton, mkuu. Kiti kingebaki palepale.

Mama Wawili, la Souter nimelizungusha tangu uliandike na bado sina jibu lake. Niacheni nilale nalo, nitarudi kesho.