Mama mwenye presha na kisukari anataka kusafishwa mwili kwa tiba za Ayurveda: naomba ushauri

Binti wa Sakina, Arusha

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Mama yangu ana umri wa miaka 68, anatumia vidonge vya presha na vya kisukari, na kwa muda sasa analalamikia magoti na kukosa usingizi. Rafiki yake wa kanisani alimweleza habari za kituo kimoja hapa mjini kinachotoa tiba za Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, nami nikafuatana naye kwenda kuuliza. Tuliambiwa kuna huduma ya siku tatu ya kuondoa sumu mwilini, ambayo ndani yake mna kukandwa kwa mafuta, kukaa kwenye sanduku la mvuke, kunywa dawa ya kuharisha, na siku ya mwisho kuingiziwa dawa ya maji kwa njia ya haja kubwa. Mhudumu alisema pia kwamba kwa siku hizo mama asimeze dawa zake za hospitali ili mwili upumzike, kisha ataendelea na vidonge vyeusi tulivyoonyeshwa ndani ya kopo lisilo na maandishi yoyote.

Mama amekwisha kushawishika, na sipendi kumkatisha tamaa bila sababu, maana kukandwa peke yake naona kungemfaa. Ninachoomba kujua ni nini hasa hufanyika katika tiba hizi, na kwa mtu wa hali yake kipi kinakubalika na kipi kisiguswe kabisa.

Mchuaji wa Shanty Town, Moshi

Dada, pole na majukumu. Kazi yangu ni kuchua, na kwa sehemu niliifanya chini ya tabibu aliyesomea Ayurveda huko Kerala, kusini mwa India, kwa hiyo nitaeleza utaratibu kama unavyofundishwa na wenyewe.

Mlichoelezwa kinaitwa panchakarma, yaani matendo matano. Katika mapokeo ya Charaka, mmoja wa waganga wa kale wa India, matano hayo ni kutapishwa, kuharishwa, dawa ya maji ya njia ya nyuma ya namna mbili (moja ya mchemsho wa mitishamba na nyingine ya mafuta), na dawa ya puani. Mapokeo ya Sushruta, mganga mwingine wa kale, yanaongeza kutoa damu, ambako mara nyingine hutumiwa ruba. Hayo hayaanzwi ghafla. Kwanza mgonjwa hutayarishwa kwa kunyweshwa samli yenye dawa, kipimo kikipandishwa kila siku kwa siku tatu hadi saba, kisha hukandwa mafuta ya ufuta na kutolewa jasho. Baada ya tendo lenyewe hufuata siku kadhaa za kurudisha chakula polepole: uji mwepesi sana wa mchele, halafu mzito kidogo, halafu wali laini na supu ya choroko, mpaka tumbo lizoee. Utaratibu kamili kwa hiyo unakula wiki kadhaa, na mtu anayeubana ndani ya siku tatu anauza jina tu, kwa sababu hata vitabu vya Ayurveda yenyewe haviruhusu hivyo. Vitabu hivyohivyo huwaweka kando wajawazito, watoto, wazee na watu waliodhoofika linapokuja suala la kutapishwa na kuharishwa kwa nguvu.

Kukandwa ni jambo jingine. Kwa jina lake huitwa abhyanga, na ikifanywa vizuri ni mafuta ya uvuguvugu yanayopakwa kwa kuvuta mikono kwa urefu kwenye mifupa mirefu na kwa mizunguko kwenye viungo, na goti lenye maumivu ya uzee hupata nafuu ya muda. Hatari yake kubwa niijuayo si mafuta bali sakafu: mgonjwa akishuka kitandani nyayo zikiwa zimelowa ufuta huteleza, na mama wa umri huo akivunjika nyonga mambo yamekuwa mengine. Ulizeni kama nyayo hufutwa kabla hajashuka na kama yupo mtu wa kumshika mkono.

Mfamasia wa Kaloleni, Arusha

Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, lakini mimi naomba kukaa kwenye dawa, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari ya maisha.

Kuharishwa kunatoa maji na chumvi mwilini, hasa potasiamu. Kama miongoni mwa vidonge vya presha vya mama kimo kile cha kukojosha, au vya jamii ya kaptoprili na lisinopurili, mwili uliokaukiwa maji unaweza kushusha presha ghafla na kuumiza figo. Kama anatumia gilibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, na wakati huohuo amefungishwa chakula, sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Na metfomini, nayo ya kisukari, haipatani na upungufu mkubwa wa maji. Kuacha dawa zote kwa amri ya mhudumu si suluhisho, kwa sababu presha na sukari hazipumziki pamoja na mgonjwa. Dawa gani isimamishwe na kwa siku ngapi ni uamuzi wa daktari anayemtibu.

Sanduku la mvuke nalo silipendi kwa mgonjwa wa kisukari wa muda mrefu, ambaye nyayo zake huenda zimepungukiwa hisia na hatatambua anapoungua.

Kuhusu vidonge vyeusi, msivichukue. Ayurveda ina tawi linaloitwa rasashastra ambalo kwa makusudi hutumia madini, zikiwemo zebaki na risasi, yaliyochomwa na kusagwa. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa katika maduka ya eneo la Boston na wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walipima bidhaa 193 zilizouzwa kwa intaneti, na takriban moja ya tano zilikuwa na madini hayo. Hizo zilikuwa na lebo. Kopo lisilo na lebo sijui nilisemeeje.

Ama hiyo sumu inayosemwa, muulizeni mhudumu jina lake na kipimo kitakachoonyesha kwamba imetoka. Ini na figo zinafanya kazi hiyo kila saa, na sijaona ushahidi wa kuaminika kwamba kuharisha kunazisaidia.

Mzee wa Machame

Nimewasoma vijana wangu na sina ugomvi nanyi, ila naona mnapiga kila kitu kwa fimbo moja. Wazee wetu walipiga chuku, walikunywa mafuta ya nyonyo kusafisha tumbo, na mwarobaini uliotoka huko huko India leo tunauita wetu. Mimi mwenyewe hukandwa mafuta ya ufuta kila baridi ya Juni inaponibana mgongo, na hakuna kidonge kinachonipa usingizi kama ule. Msimzuie mama wa watu kwa sababu tu tiba haikutoka hospitali.

Mfamasia wa Kaloleni, Arusha

Shikamoo mzee. Kukandwa hatujakukataza wewe wala mama. Lakini mafuta ya nyonyo uliyoyataja ni mfano mzuri: yakifika tumboni hutoa asidi inayolazimisha utumbo kusukuma, na ndiyo maana katika Ayurveda pia ni dawa ya kuharishia. Kijana mzima akiyanywa atashinda chooni na kesho yake atakwenda shambani. Bibi mwenye presha, kisukari na figo ambazo hatujui hali yake hana akiba hiyo.

Kwa dada: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inataka watoa huduma wawe wamesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Waombeni cheti cha kituo na cha tabibu mwenyewe, na mkiwa na mashaka muulizeni mratibu wa tiba asili katika halmashauri. Anayejiita daktari wa Ayurveda aulizwe pia amesomea wapi, kwa sababu shahada yao India huchukua miaka mitano na nusu, ukiwemo mwaka mmoja wa mafunzo kazini, na aliyeipata haoni haya kuionyesha.

Binti wa Sakina, Arusha

Asanteni sana wote, na mzee wangu shikamoo. Nimemsomea mama majibu haya. Amekubali kuacha dawa ya kuharisha na ile ya njia ya nyuma, na vidonge vyeusi amevikataa mwenyewe aliposikia habari ya risasi. Keshokutwa tunakwenda kliniki yake kupima figo na kumweleza daktari. Jambo moja hajaliachia: aliona picha ya mtu anayemiminiwa mafuta kwenye paji la uso, na anasema hiyo ndiyo itakayomletea usingizi. Je, hiyo nayo ina madhara?

Mchuaji wa Shanty Town, Moshi

Hiyo inaitwa shirodhara. Chombo chenye tundu na utambi wa pamba huning'inizwa juu ya paji, na mafuta ya uvuguvugu hutiririka taratibu kwa takriban nusu saa au zaidi. Haiondoi ugonjwa, lakini wengi hulala palepale mezani. Daktari akisharidhia, mama ale kama kawaida na ameze dawa zake kwa wakati. Mhudumu ayajaribu mafuta kwenye kifundo cha mkono wake kabla ya kuyamimina, macho yafunikwe kwa pamba, na akimaliza asiinuke kwa haraka, kwa sababu dawa za presha humfanya mtu aone kizunguzungu anaposimama ghafla. Mwende na kilemba cha sufu, maana akitoka na kichwa kilicholowa mafuta kwenye baridi ya Arusha kisha akakohoa, lawama zote zitaiangukia Ayurveda.