Ule msokoto wa tumboni kwa Poliwag: huku kwetu kusini mwa Ikweta ungeelekea wapi?

Fundi_Ngamiani ameandika:

Wakuu, habari za jioni. Nina swali la mpwa wangu, na najua humu wamo watu wa gemu na watu wa vyura pia.

Nafanya ufundi simu Ngamiani, hapa Tanga. Mpwa wangu yuko darasa la tano, akitoka madrasa anakaa dukani kwangu mpaka mama yake ampitie. Nimemwekea Pokémon Silver kwenye simu moja ya zamani, anacheza kwenye kiti cha wateja. Katika wale viumbe wote hana mwingine zaidi ya Poliwag. Kwa wasiomjua: ni wa samawati, wa mviringo kama mpira, ana miguu miwili na mkia mpana, mikono hana, na kwenye tumbo jeupe ana msokoto mweusi unaoanzia katikati kwenda nje.

Sasa mle ndani ya gemu kila kiumbe ana maelezo yake. Ya Poliwag yanasema mwelekeo wa msokoto hutofautiana eneo kwa eneo, na inadhaniwa Ikweta inahusika. Kijana akaweka simu chini akaniuliza: "Mjomba, Tanga si tuko chini ya Ikweta? Wa kwetu unazungukia upande gani?"

Nimefungua ramani, tuko kama nyuzi 5 kusini. Zaidi ya hapo sikutaka kumjibu kwa kubahatisha, maana huyu mtoto ukimwambia jambo analishika na kesho yuko nalo darasani. Je, ule msokoto ni urembo tu wa mchoraji au kuna kiluwiluwi wa kweli wa namna ile? Na hiyo habari ya Ikweta ina ukweli?

La pembeni: Poliwag wake ameshafika levo 25 amegeuka kuwa Poliwhirl, umbo lake la pili. Kwa umbo la mwisho, ampeleke kwa Poliwrath au Politoed?

---

Kijana_Raskazone ameandika:

Kaka fundi, huyo mpwa wako ana jicho.

Ule msokoto ni matumbo. Si mapambo hata kidogo. Toleo jingine la gemu hilo, Crystal, linasema wazi kwamba ni vitu vya ndani vinavyoonekana kupitia ngozi, na kwamba huonekana vizuri zaidi akishakula. Satoshi Tajiri, aliyebuni Pokémon, alikulia Machida, pembeni ya Tokyo, akiwa mtoto wa kukamata wadudu. Aliwahi kueleza mwenyewe kuwa wazo lilitoka kwa viluwiluwi: ukimshika mmoja unauona utumbo wake umejikunja kwa sababu ngozi inapitisha mwanga. Poliwag yumo tangu matoleo ya kwanza kabisa ya mwaka 1996. Silver yenyewe ilitoka Japani Novemba 1999, na Politoed akaja nayo.

Kuhusu Ikweta, mimi naona kuna ukweli. Nimefika Nanyuki kule Kenya, pale barabarani kwenye bango la Ikweta. Jamaa anachukua beseni lenye tundu, anasimama upande wa kaskazini maji yanazunguka hivi, anavuka hatua chache kusini yanazunguka vile. Nimeona kwa macho yangu. Sasa kama maji yanageuka, kwa nini utumbo usigeuke?

Ya Poliwrath na Politoed nitarudi nikitoka kazini.

---

MamaMachungwa_Muheza ameandika:

Wanangu, shikamooni nimezipokea hata kama hamkuziandika.

Mimi gemu silichezi, wajukuu ndio wanaocheza. Ila vyura nawajua. Kabla ya kutulia na shamba la michungwa nilikuwa nikitembeza wageni msitu wa Amani, na wengi wao walikuja kwa ajili ya vyura, wanatembea usiku na tochi kichwani. Nilijifunza nikiwa nimewashikia mifuko.

Fundi, mwambie mpwa wako kiluwiluwi wa namna hiyo yupo, na hana haja ya kwenda Japani. Kwangu nyuma ya ghala kuna dimbwi tulilochimba la kumwagilia miche. Mvua za masika zikishakolea, mle ndani anakuwemo kiluwiluwi wa chura wa kucha, yule chura bapa asiyetoka majini, mwenye kucha nyeusi miguuni. Ukichota maji kwa glasi ukaiinua juani, mwanzoni unaona macho mawili tu yanaelea. Kisha mwili unajitokeza, maana yeye karibu wote ni kioo. Hutulia kichwa chini mkia juu, ncha ya mkia inatetemeka bila kusimama, na mdomoni ana nyuzi mbili ndefu kama sharubu za kambale. Anakula kwa kuchuja yaliyomo majini. Na tumboni, hapo ndipo mpwa wako atakapofurahi: utumbo umejiviringisha mzunguko juu ya mzunguko, na akiwa ameshiba majani ya maji unaonekana mstari wa kijani uliokolea. Hayo maelezo kwamba huonekana zaidi akishakula, aliyeyaandika alimtazama kiluwiluwi wa kweli.

Kwa nini utumbo uwe mrefu hivyo? Kwa sababu ya chakula. Uozo wa majani na ule ukijani wa majini unachukua muda kusagika, kwa hiyo unahitaji njia ndefu, na njia ndefu kwenye tumbo dogo haina budi kujikunja. Chura mkubwa anakula wadudu, hana haja na urefu ule. Ndiyo maana wakati wa kugeuka utumbo wake unafupika sana. Siku zile hali kitu, anaishi kwa akiba ya mkia wake unaofyonzwa mwilini.

Sasa mjukuu wangu amenionyesha picha za hao wenu, na kuna jambo limenigusa. Kiluwiluwi huota miguu ya nyuma kwanza. Mikono hufuata, na mkia unaondoka mwisho. Poliwag ana miguu na mkia, mikono hana. Poliwhirl ana mikono, mkia hana. Mpangilio uleule wa dimbwini. Waliochora walikaa wakatazama, na mimi nawaheshimu kwa hilo. Anayenipinga kidogo ni Poliwrath: chura mzima mwenye misuli, bado ana utumbo mrefu wa kitoto unaonekana tumboni? Huyo nisingempata kwenye dimbwi lolote.

Nije kwa Ikweta. Mwanangu wa Raskazone, ulichokiona Nanyuki ulikiona, ila mwenye kuyageuza maji ni yule anayeyamimina. Namna anavyoyamwaga na upande anaogeuka akiwa na beseni ndivyo vinavyoyaanzishia mzunguko. Mzunguko wa dunia unageuza vitu vinavyosafiri mamia ya kilomita. Vimbunga vya bahari yetu hii, kusini mwa Ikweta, huzunguka kwa mwelekeo wa saa, na vya kaskazini kinyume chake. Hapo ndipo Ikweta ina kazi. Na karibu kabisa na Ikweta yenyewe, nguvu hiyo ni ndogo mno hata kwa vimbunga. Kwenye beseni haionekani, sembuse kwenye tumbo la kiluwiluwi mwenye urefu wa kucha ya kidole.

Utumbo hujikunja kwa amri iliyomo ndani yake tangu akiwa yai, ileile inayoweka moyo upande mmoja na ini upande mwingine. Ni urithi. Kiluwiluwi wa Tanga ukimpeleka Ulaya akazaliana huko, watoto wake watajikunja kama babu zao. Mara chache sana huzaliwa mmoja aliyegeuka, kama vile hutokea mtu moyo wake uko kulia. Kwa hiyo jibu la mpwa wako: wa kwetu unazungukia upande uleule wa wenzake wa kaskazini. Upande upi hasa, mimi sitamwambia. Achukue glasi atazame tumbo, achore.

Na kwa kuwa ni mtoto anayependa viumbe wanaobadilika, ajue kuwa juu huku Amani tuna vyura wadogo wasiopitia ukiluwiluwi kabisa. Mama hazai mayai, anazaa vyura wadogo kamili, miguu minne tayari, mdogo kuliko punje ya mchele. Ndugu yake ni yule wa Kihansi, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko pale tu, mahali pengine popote duniani hayupo. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo ya umeme manyunyu yakakatika, na ugonjwa wa ngozi ukaja juu yake. Mwaka 2009 ikatangazwa kuwa porini ameisha. Waliobaki walikuwa wakilelewa Marekani, kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi kwenye manyunyu ya mabomba. Mimi habari ile ilinikaa moyoni. Watoto wetu wanajua majina ya mamia ya viumbe wa kwenye simu, na hawa wa kwao wenyewe wanastahili kujulikana hivyohivyo.

---

Fundi_Ngamiani ameandika:

Mama yangu, shikamoo sasa kwa maandishi. Nimemsomea yote, kwenye mkia unaoliwa na mwenyewe akanisimamisha nirudie.

Kwa dada yangu Mabawa kuna mtaro ambao maji yake hayakauki msimu huu. Tumechota viluwiluwi wachache kwenye chupa ya jemu. Hawana sharubu ulizosema, ni weusi mgongoni, lakini tumboni kwa tochi ya simu utumbo unaonekana umejikunja. Kijana amewachora kila mmoja kwenye daftari la sayansi, na misokoto yote imeelekea upande mmoja. Amefurahi sana, anataka kuwaweka dukani mpaka watoke miguu. Inafaa? Hapa nina maji ya bomba tu.

---

MamaMachungwa_Muheza ameandika:

Marahaba, mwanangu. Hao weusi watakuwa wa chura wa kawaida wa nyumbani, yule mwenye vinundu-vinundu mgongoni. Ni wazuri kwa mtoto kutazama.

Abaki nao wawili watatu, wengine awarudishe leo hii palepale walipotoka, si kwenye mtaro mwingine. Maji ya bomba yana dawa, usiwatilie moja kwa moja. Tumia ya mvua, au yaleyale ya mtaro. Beseni pana ni bora kuliko chupa, hewa inaingia. Mchicha uliochemshwa kidogo, kiasi cha ukucha, na yanayobaki mtoe kabla hayajaoza. Wakiota mikono weka jiwe linalotokeza juu ya maji, la sivyo watazama, maana wakati huo wanaanza kupumua hewa.

Na mikono. Dukani kwako najua kuna spiriti ya kusafishia simu. Mtu mwenye spiriti, sabuni au dawa ya mbu mkononi asiwaguse. Gemu linasema ngozi ya Poliwag hata meno makali yanadunda. Ya hawa haiko hivyo, inapitisha kila kitu, maji na sumu pia, na ndiyo wanayopumulia kwa sehemu.

---

Kijana_Raskazone ameandika:

Mama, hiyo ya beseni la Nanyuki umenifungua. Nimejaribu hapa nyumbani kwa ndoo yenye tundu, nikikoroga kulia yanakwenda kulia, kushoto yanakwenda kushoto, na sijasogea hata hatua.

Fundi, nilikuahidi jibu. Kwenye Silver, Poliwrath anahitaji Water Stone, na jiwe hilo si la mapema: analitoa babu yake Bill, mmoja wa watu wa mle kwenye gemu, kule Kanto, eneo la mwishoni mwa mchezo, baada ya kumwonyesha viumbe anaowataka, mmojawapo Staryu. Atasubiri sana. Politoed anahitaji Poliwhirl ashikishwe kifaa kiitwacho King's Rock kisha abadilishanwe na mchezaji mwingine. King's Rock ipo chini ndani ya pango la Slowpoke Well, anaitoa mtu aliyekaa huko, ila mpaka kijana awe na Strength na Surf, yaani mbinu za kusukuma mawe na kuvuka maji.

Kubadilishana kwenye simu kunawezekana, emuleta nyingine, yaani zile programu za kuchezea gemu za zamani kwenye simu, zina sehemu ya kuunganisha simu mbili kwa Bluetooth. Wewe simu hazikukosi dukani. Weka gemu kwenye ya pili, mfungulie mchezo wako mwenyewe, umpokee Poliwhirl wake akigeuka kisha umrudishie palepale. Mwambie tu ahifadhi mchezo kabla hamjaunganisha.

Kwa vita Poliwrath ana nguvu zaidi, ni wa maji na wa mapigano kwa pamoja. Lakini kwa mtoto aliyejaza daftari michoro ya viluwiluwi mimi ningempa Politoed. Ndiye anayefanana na chura.