Sanamu ya babu wa Kichina, kiziba mgongoni: nifungue?

FundiLangoni
Asalaam aleikum. Mteja wa Shela ameleta sanamu ya mti kutoka China: mzee ameketi, urefu sentimita 23, wekundu uliofifia chini ya masizi. Mgongoni pana kiziba cha mraba, ukitikisa kitu kinachakacha. Ufa wa milimita 3 unashuka toka shingoni hadi kitini, na miguuni pana unga wa fukusi. Anataka ufa uzibwe na rangi irudishwe. Nianzie wapi?

Zidaka
Waaleikum salaam fundi. Weka msasa chini kwanza.

Kwa maelezo yako inafanana na za Hunan, jimbo la kusini mwa China. Kwingi China marehemu wa ukoo huwekewa kibao chenye jina. Hunan ya kati walimchonga mwenyewe, akakaa kwenye meza ya ibada ya nyumbani pamoja na walimu wa dini na miungu. Mchongaji akimaliza, hiyo bado ni kuni. Hutiwa vitu mvunguni, kiziba kikafungwa, kisha macho hufunguliwa kwa brashi, ibada waiitayo kaiguang, yaani kufungua nuru.

Kinachochakacha ni hivyo vitu: mitishamba, pesa za karatasi, pengine mdudu mkavu, na kubwa kuliko vyote hati ya wakfu. Hati hutaja mahali, majina ya walioagiza, sababu, mara nyingi na mchongaji, halafu tarehe kwa enzi ya mfalme. Ukisomewa enzi ya Guangxu, ongeza 1874: mwaka wa 10 ni 1884. Ikiwa ni ya Jamhuri iliyofuata wafalme, ongeza 1911.

Kufungua ni uamuzi wa mwenyewe, muulize. Akikubali, tumia ubapa wa mfupa au plastiki, si bisibisi. Karatasi kavu usiikunjue, itakatika kwenye mikunjo. Iweke saa kadhaa katika chombo kilichofunikwa, na kitambaa kibichi kando, kisiiguse, ilainike kwa unyevu kwanza. Mvungu mtupu si dalili ya bandia. Tazama masizi: ya kweli huwa mazito usoni, mabegani na mapajani, moshi unapotua. Ikiwa nyeusi sawasawa hadi chini ya kiti, kuna mtu amepaka.

KabariNdogo
Ufa usiuzibe kwa unga wa mbao na gundi nyeupe. Kipande chenye kiini cha mti hunywea zaidi kwa kuzunguka kuliko kuelekea kiini, kwa hiyo hupasuka mstari mmoja. Ukiujaza wakati wa kaskazi ukiwa wazi, masika mti unavimba, jazo halibonyei, na ufa wa pili unafunguka pengine. Milimita 3 zisizotikisika ziache. Zikitikisika, chonga kabari nyembamba ya mti laini, nyuzi zifuate za sanamu, ukaigandishe upande mmoja tu kwa gundi ya ngozi, itakayolegea kwa maji ya uvuguvugu akija fundi mwingine. Mbambakofi hapana! Utaipasua.

Na rangi usiirudishe. Wekundu huo waweza kuwa zinjifuri, ambayo ina zebaki. Ukipiga msasa unavuta vumbi lake.

BintiMkomani
Fukusi: kwanza hakikisha wako hai. Futa unga, simamisha sanamu juu ya karatasi nyeusi mwezi mmoja. Unga mpya ukianguka, wamo. Inuse pia. Mkafuri hupendwa na wachongaji wengi wa China kwa kuwa wadudu hawaupendi (ni kafuri ileile tunayoijua kwa maiti), basi kama hainuki kabisa huenda ni mti mwingine.

Dawa ni friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili, ndani ya mifuko miwili iliyotolewa hewa. Ikitoka usiifungue kabla ya siku nzima, la sivyo unyevu wetu huu utatua juu ya rangi. Rangi ikiwa inabanduka, usiitie friza. Mafuta ya taa ni mwiko: yanaacha doa na yanapenya mpaka kwenye hati.

FundiLangoni
Shukrani. Na vumbi?

KabariNdogo
Brashi laini kavu, kutoka juu kwenda chini. Masizi yaache.