Jumuiya imegoma kumsalia mdogo wangu kisa daftari la michango!

Wakuu, hii wiki ya pili silali vizuri. Acheni niyatoe.

Mdogo wangu wa kike amefariki hapa Mbagala. Miezi 7 alikuwa mgonjwa wa figo. Tulipopeleka taarifa jumuiya, yaani kikundi chetu cha Wakatoliki wa mtaani, ije kusali msibani, mwenyekiti akaja na daftari. Akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mama yangu aliyekuwa chini kwenye mkeka, analamba kidole, anafunua kurasa. "Huyu hajaonekana tangu Januari. Mchango wa Pasaka hakutoa. Halafu alikuwa anaishi na mwanaume bila ndoa. Tukimsalia, vijana watajifunza nini?" Akafunga daftari, akaondoka. Hata maji hakunywa.

Mama hakujibu kitu. Alijifunika kanga usoni.

Huyo mwanaume "bila ndoa" ndiye aliyeuza pikipiki yake ili mgonjwa asafishwe damu, na siku za kwenda hospitali alimbeba mgongoni mpaka kituo cha daladala. Nyinyi wa jumuiya mlikuja kumwona mara ngapi? Hata mara moja! Na wiki moja kabla hajafa aliomba aletewe padre aungame. Nikamfuata mwenyekiti huyuhuyu apeleke ombi parokiani, akaniambia tuanze kwanza kulipa deni la jumuiya. Amekufa anamsubiri padre.

Mnaojifanya walinzi wa Kanisa, someni basi sheria za Kanisa lenyewe. Kanuni ya 1184, ya mwaka 1983: hata mdhambi wa hadharani, akionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hanyimwi mazishi ya Kanisa. Kukiwa na shaka anaulizwa askofu. Askofu, siyo mwenye daftari! Na Mathayo 23:23 Yesu aliwaambia nani kwamba wanalipa zaka mpaka za mnanaa na bizari, huku wameacha adili, rehema na imani?

Waliotusitiri ni majirani zetu Waislamu. Turubai lao, masufuria yao, vijana wao ndio waliochimba kaburi na kubeba jeneza. Rozari tulisali wenyewe, sauti zinakatika.

Jana jioni mwenyekiti kaja tena, kaleta bahasha ya ujenzi wa kanisa yenye jina la mama. Mama akaingia ndani, akatoka na elfu tano ya rambirambi, akampa kwa mikono miwili.

Akaipokea.